Koti la manyoya ya bata la wawindaji: Mambo ya kuangalia kabla hujatoa fedha yako

Kila inapofika Mei hadi Agosti, bidhaa ambayo miezi mingine hukaa bila kuulizwa huanza kutafutwa katika masoko ya mitumba ya kanda yetu, nayo ni koti zito la baridi. Wanunuzi ni madereva wa malori ya safari ndefu na utingo wao, walinzi wa usiku, wapagazi wa Mlima Kilimanjaro, na wachuuzi wanaopeleka mzigo miji ya nyanda za juu kama Njombe, Mbeya, Kabale, Nakuru na Eldoret.

Katika mabelo hayo lipo koti moja ambalo wachuuzi wengi hulipanga rundo moja na makoti ya kawaida, ingawa thamani yake ni tofauti kabisa. Ni koti lililojazwa manyoya laini ya bata au bata bukini, lililoshonwa kwa ajili ya wawindaji wa nchi za baridi, hasa Marekani na Kanada. Mwindaji akishachoka nalo, au akinunua jipya, la zamani huingia kwenye mitumba na kufika Gikomba, Owino, Karume au soko la Memorial mjini Moshi. Anayelijua hulinunua kwa bei ya koti la kawaida na kuliuza kwa bei yake halisi. Asiyelijua huuziwa poliesta kwa bei ya manyoya, au hununua koti litakalomtia matatani mpakani, kama tutakavyoona.

Kwa nini mwindaji avae manyoya

Uwindaji wa kulungu na bata huko kaskazini hufanyika majira ya kupukutika kwa majani na mwanzo wa baridi kali. Mwindaji hutembea kiasi, kisha hukaa juu ya mti au kando ya maji kwa saa nyingi bila kujitikisa, na mtu asiyejitikisa mwili wake hautoi joto la kutosha. Hapo ndipo koti linapopimwa. Ukiangalia vizuri utaona hali yake haina tofauti kubwa na ya dereva aliyekaa kwenye foleni ya Tunduma usiku wa Julai akiwa amezima injini.

Koti la kwanza la namna hii kupata jina kubwa Marekani lilitokana na mtu aliyeponea chupuchupu. Eddie Bauer, mfanyabiashara wa vifaa vya michezo wa mjini Seattle, karibu afe kwa baridi katika safari ya kuvua samaki wakati wa majira ya baridi katikati ya miaka ya 1930, sweta lake la sufu likiwa limelowa. Mwaka 1936 akatoa koti lililoshonwa kwa mistari na kujazwa manyoya laini, na mwaka 1940 akapata hataza yake. Lebo yenye jina hilo bado inaonekana sana katika mitumba. Hata hivyo, msomaji aelewe kwamba jina peke yake si ushahidi, kwani kampuni hizi kubwa hutengeneza makoti ya manyoya na ya poliesta kwa pamoja.

Ndani ya koti kuna nini

Bata ana manyoya ya aina mbili. Ya juu yana kijiti katikati, hayo ndiyo yanayomkinga na maji na kumsaidia kuruka. Chini yake, hasa kifuani, kuna vinyoya vidogo visivyo na kijiti, vyepesi kama yale malaika ya mtoto mchanga. Kila kimoja ni kishada cha nyuzi zilizotawanyika pande zote. Vishada hivyo hushika hewa, na hewa iliyotulia ndiyo inayozuia joto la mwili lisitoke. Kwa maneno mengine, manyoya hayatoi joto lolote, yanalinda lile ulilo nalo. Ndiyo maana koti lililolala bapa halina faida hata likiwa na jina kubwa.

Biashara hii ina namba mbili, na wauzaji wengi hutaja moja tu.

Ya kwanza ni namba ya kufumuka, ambayo mara nyingi huandikwa kwenye lebo au mkononi mwa koti: 550, 600, 700, 800 na kuendelea. Maana yake ni inchi za ujazo zinazojazwa na aunsi moja ya vinyoya. Tuiweke kwa vipimo vyetu. Aunsi moja ni gramu 28 hivi. Vinyoya vya 600 vyenye uzito huo hujaza karibu lita 10, yaani nusu ya dumu la lita 20. Vya 800 hujaza lita 13.

Ya pili ni uzito wa vinyoya vilivyotiwa ndani ya koti zima, na hii ndiyo inayosahaulika. Tuseme koti A lina gramu 200 za vinyoya vya 600, na koti B lina gramu 100 za vinyoya vya 800. Ukipiga hesabu, A linashika hewa ya ujazo wa inchi 4,200 hivi, na B 2,800 hivi. Koti B ni jepesi zaidi na linakunjika likawa dogo, lakini A ndilo lenye joto. Mpanda mlima anayebeba mzigo mgongoni ana sababu ya kulipia 800. Dereva ambaye koti lake linakaa kitandani nyuma ya kiti hana sababu hiyo. Kwake 550 au 600 iliyojazwa vizuri inatosha, na fedha inayobaki akanunue buti.

Kuna pia asilimia. Lebo ikisema 80/20 ina maana vinyoya laini ni asilimia 80 na manyoya yenye kijiti ni 20. Ya 90/10 ni bora zaidi. Ukikuta lebo inataja manyoya tu bila vinyoya laini, hilo ni koti zito lenye joto dogo. Lugha za lebo zinatofautiana, na wafanyabiashara wa Lubumbashi na Bujumbura watatambua maneno ya Kifaransa: "duvet" ni vinyoya laini, "plumes" ni manyoya ya kijiti. Kwa Kiingereza ni "down" na "feather". Kwa Kijerumani ni "Daunen" na "Federn". Mwenye kuyajua maneno hayo sita ana faida kubwa mbele ya belo lililotoka Ulaya.

Kwa wanaoagiza makoti mapya kutoka China, ambayo ndiyo mzalishaji mkubwa wa vinyoya duniani, kiwango cha nchi hiyo cha nguo za vinyoya, GB/T 14272, kilifanyiwa marekebisho mwaka 2021 na kuanza kutumika Aprili 2022. Badiliko kubwa ni kwamba sasa huhesabiwa vishada kamili. Zamani nyuzi zilizokatika na vumbi la vinyoya viliweza kuingizwa katika hesabu, na mnunuzi akaona asilimia nzuri kwenye lebo huku koti likilala bapa baada ya kufuliwa mara moja. Muulize muuzaji wako asilimia ya vishada na gramu za ujazo, na ayaandike kwenye ankara. Akikataa kuandika, jua unanunua kwa imani tu.

Mkono ndio mizani

Katika soko la mitumba lebo nyingi zimekatwa au zimefutika. Hapo mnunuzi hutegemea mkono.

Likunje koti, libane kwa viganja viwili, kisha liachie. Vinyoya vizuri hufumuka vyenyewe pole pole mpaka umbo lirudi. Poliesta nzuri hurudi kwa kasi kama sponji. Poliesta iliyochoka hairudi. Lakini uwe mwangalifu hapa: koti lililotoka kwenye belo sasa hivi limebanwa kwa mashine kwa miezi, kwa hiyo hata zuri litaonekana limekufa. Litikise vizuri, lipige pige, litundike mahali pakavu hadi kesho yake ndipo uamue. Wachuuzi wenye subira hupata faida hapa, kwa sababu wenzao huyatupa makoti kama hayo kwenye rundo la fagia siku ile ile belo linapofunguliwa.

Kisha pitisha vidole kati ya mistari ya mishono. Ukihisi vijiti vinavyochoma, manyoya ya kijiti ni mengi. Ukihisi mabonge magumu kama pamba iliyolowa, koti lilifuliwa vibaya, na kama mabonge hayaachani kwa kufikichwa, liache. Liinue kwenye mwanga wa jua: sehemu inayopitisha mwanga haina kitu ndani. Angalia hasa mabegani na viwikoni. Mwisho linuse. Harufu ya ukungu inaweza kutoka ukilifua. Harufu ya kuoza, kama ya kuku aliyenyonyolewa akaachwa, haitoki.

Mishono yenyewe ni ya namna mbili. Rahisi ni ile inayopenya kutoka nje hadi ndani, ambapo kila mstari wa uzi ni mahali pasipo na vinyoya, na baridi huingia hapo. Ya gharama ina kuta ndogo za kitambaa kati ya nje na ndani, hivyo hakuna mstari mtupu. Vuta kitambaa cha nje kwa mkono mmoja na bitana kwa mwingine. Vikiachana hata kwenye mshono, kuta zipo. Makoti ya namna hii si mengi katika mabelo, na ukilikuta usiliuze kwa bei ya jingine.

Suala la ukubwa linawasumbua wengi. Koti la mwindaji hushonwa pana kwa sababu huvaliwa juu ya nguo nyingine, na saizi za Marekani ni kubwa kuliko za Asia. Lijaribu ukiwa umevaa sweta. Likibana mabegani, vinyoya vinabanwa na hewa inatoka. Likipwaya kiunoni na mikononi, hewa ya joto inakimbia kila unapojigeuza. Kamba ya kiunoni na mpira wa mkononi vinaonekana vitu vidogo, lakini vikikatika koti limepoteza nusu ya kazi yake.

Maji ndiye adui

Vinyoya vikilowa vinagandamana, hewa inatoka, na koti linakuwa kama gunia lililolowa. Kukauka ni kazi ya siku mbili tatu. Poliesta, pamoja na kuwa na joto dogo kwa uzito ule ule, ikilowa inabakiza sehemu ya joto lake na inakauka haraka.

Kwa hiyo chaguo linategemea njia unayopita. Baridi ya Njombe, Makambako na Mbeya mwezi Juni na Julai ni kavu, na kadhalika ya Johannesburg, ambako usiku hushuka chini ya sifuri. Huko vinyoya ndiyo mahali pake. Lakini Tukuyu yenye mvua karibu mwaka mzima, misitu ya Mau, na njia ya Kabale yenye ukungu ni nchi ya unyevu. Huko mwandishi wa makala hii angechukua poliesta nzuri, au vinyoya vyenye koti la mvua juu yake. Msomaji akumbuke pia kwamba kila unapopanda mita 1,000 joto hushuka kwa nyuzi 6 hadi 7. Aliyetoka Mombasa na nyuzi 25 akafika Timboroa, zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, amepoteza nyuzi 17 hivi kabla upepo haujaanza.

Adui wa pili ni kazi yenyewe. Dizeli na grisi hugandamiza vinyoya. Cheche ya sigara au ya jiko huyeyusha nailoni, na tundu dogo linatosha kuvujisha vinyoya safari nzima. Ukishuka kubadilisha tairi livue, kwanza kwa sababu hiyo, pili kwa sababu jasho nalo ni maji. Wawindaji wenyewe hufanya hivyo: hutembea na nguo nyepesi, koti likiwa mgongoni, na hulivaa wakishakaa.

Tusiondoke hapa bila kutaja jambo ambalo si la biashara. Wapo madereva wanaolala ndani ya kabini wakiwa wamewasha jiko la mkaa, madirisha yamefungwa. Mkaa hutoa gesi ya kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu, na mtu hulala asiamke. Kuacha injini ikiunguruma gari likiwa limesimama kwenye foleni iliyobanana nako kuna hatari yake, mbali na dizeli inayoteketea. Mmiliki wa malori anayepiga hesabu alinganishe bei ya makoti mawili, la dereva na la utingo, na bei ya mafuta ya usiku mmoja wa foleni. Halafu aweke hatari hiyo nyingine kwenye mizani.

Rangi inayoweza kukufunga

Hapa ndipo koti la wawindaji linapotofautiana na makoti mengine yote. Mengi yake ni ya mabakamabaka. Kwa mtengenezaji wa Marekani ni picha za majani, matawi na magome ya miti, ili mnyama asimwone mwindaji. Kwa askari wa mpakani ni nguo inayofanana na ya jeshi, na ubishi wa kwamba haya ni majani wala si mabaka haumsaidii mtu saa nane ya usiku.

Sheria za Kenya zinakataza raia kuvaa sare za jeshi au mavazi yanayofanana nazo. Nchini Uganda, Septemba 2019 jeshi lilitangaza rasmi katika gazeti la serikali mavazi yake, zikiwemo kofia nyekundu, na raia akikutwa nayo anaweza kushitakiwa chini ya sheria ya jeshi. Tanzania, Agosti 2023, Jeshi la Wananchi liliwapa raia siku saba kusalimisha sare za jeshi na nguo zinazofanana nazo, wakiwemo wanaoziuza. Zambia na Zimbabwe nazo hazina mchezo na mavazi ya namna hiyo. Dereva anayetoka Dar es Salaam kwenda Harare anavuka nchi tatu zenye katazo la aina moja.

Kwa mchuuzi maana yake ni kwamba vipande vya mabakamabaka ndani ya belo ni hasara iliyojificha. Vihesabu kuwa sifuri unapopanga bei. Kama unanunua kutoka kwa mchambuzi wa Ulaya au Dubai, mwambie kwa maandishi aviondoe.

Yapo makoti ya wawindaji yasiyo na tatizo hilo. Ya kahawia, kijani kibichi kimoja na kijivu ni salama zaidi, japo kijani cha jeshi nacho ni cha kukwepa. Na kuna ya rangi ya chungwa inayowaka. Majimbo mengi ya Marekani huwalazimisha wawindaji wa kulungu kuvaa rangi hiyo ili wasipigane risasi. Mchana dereva aliyeharibikiwa na gari barabarani huonekana nayo kutoka mbali. Usiku haitoshi, kwa sababu inahitaji mwanga wa jua, tofauti na ukanda unaorudisha mwanga wa taa za magari. Fundi cherehani anaweza kuongeza ukanda huo, lakini ashone pembeni au kwenye mshono uliopo, maana kila tundu la sindano ni mlango wa vinyoya kutokea.

Forodhani

Koti jipya la kiume lenye kitambaa cha nje cha nailoni au poliesta huingia kichwa cha ushuru 62.01, la kike 62.02. Kuna maofisa na hata mawakala wanaoliweka kwenye bidhaa za manyoya, kichwa 67.01. Maelezo ya sura ya 67 yenyewe yanaondoa nguo ambazo manyoya ni ujazo tu, kwa hiyo mwonyeshe wakala wako maelezo hayo kabla hajaandika tamko.

Mtumba uko 63.09, kwa masharti mawili: uwe na dalili za kuvaliwa, na uje kwa wingi, katika mabelo, magunia au vifurushi vya namna hiyo. Koti lenye lebo ya dukani bado inaning'inia, hata likiwa ndani ya belo, ofisa ana haki ya kulitenga na kulitoza kama jipya. Katika Jumuiya ya Afrika Mashariki nguo zilizokamilika ziliwekwa kundi la asilimia 35 kuanzia Julai 2022, lakini kila mwaka nchi huomba viwango vyake, hivyo soma gazeti la Jumuiya la katikati ya mwaka kabla ya kuagiza.

Wepesi wa koti la vinyoya una faida yake pale ushuru unapotozwa kwa kilo. Mwaka 2016 Rwanda ilipandisha ushuru wa nguo za mitumba kutoka dola 0.20 hadi 2.50 kwa kilo. Kwa kiwango hicho, koti la vinyoya la gramu 700 linabeba dola 1.75, na koti la sufu la kilo 1.8 linabeba dola 4.50, huku la kwanza likiuzwa bei ya juu zaidi. Mwenye macho ataona mzigo upi unavumilia ushuru wa namna hiyo.

Wafanyabiashara wadogo wanaovuka Namanga, Sirari, Busia au Mutukula wanaamini kwamba cheti rahisi cha uasili, kile cha mzigo usiozidi dola 2,000, kinawakinga. Hakiwakingi. Cheti hicho ni cha bidhaa zilizotoka ndani ya Jumuiya, na koti la Marekani halibadiliki kuwa la Kenya kwa kupita Gikomba. Koti moja alilovaa dereva ni lake. Kumi na mawili nyuma ya kiti ni mzigo, na hutamkwa kama mzigo.

Kufua na kutunza

Mchuuzi akilifua koti kabla ya kuliuza bei hupanda, mradi ajue kulifua. Maji ya vuguvugu, sabuni kidogo isiyo kali, bila dawa ya kung'arisha. Usilikamue kama kanga. Libane taratibu maji yatoke, lilaze bapa kivulini penye upepo, na kila baada ya saa chache livuruge kwa vidole ili mabonge yaachane. Dar es Salaam kazi hiyo ni rahisi Januari kuliko Njombe Julai, ambako koti linaweza kuoza kabla ya kukauka. Kwa sababu hiyo, na kwa sababu mtu wa Dar hana haja na koti zito, anayepandisha mzigo nyanda za juu ni afadhali achague, afue na akaushe huku chini kabla ya Mei. Likishakauka alitundike, asilirudishe kwenye gunia.